Everton wakiingia darasani: Klabu za soka England zinafanya nini kwenye shule za msingi?

Kama ulikuwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, tarehe 13 Julai 2017, hujasahau. Everton walicheza na Gor Mahia, na Wayne Rooney, ambaye alikuwa ametoka kurudi nyumbani siku chache tu kabla, akaachia shuti la mbali likatinga wavuni. Jacques Tuyisenge akasawazisha, lakini mwisho wa siku Everton wakaondoka na ushindi wa 2-1.

Kwa wengi wetu Everton ndiyo hiyo. Jezi ya bluu, jina la kampuni ya kubashiri kifuani, na mkeka unaochanika Jumamosi jioni.

Lakini kule Walton, kaskazini mwa jiji la Liverpool, kuna Everton nyingine. Hii inaingia shule za msingi siku za kazi, imebeba mipira, koni na karatasi za hisabati. Hairushwi kwenye televisheni wala haina tiketi. Makala hii inaeleza inavyofanya kazi, nani anailipia, na wapi watu wanaitilia shaka.

Kwanza, siyo timu yenyewe inayokuja

Ukisikia "Everton wanashirikiana na shule fulani", usifikirie kwamba mshambuliaji ameacha mazoezi aje kusahihisha madaftari. Wachezaji hupita mara moja moja, picha zinapigwa, watoto wanapiga kelele, basi. Kazi ya kila wiki inafanywa na taasisi ya hisani ya klabu.

Ya Everton inaitwa Everton in the Community, ilianza mwaka 1988. Arsenal walitangulia kwa kuanzisha yao mwaka 1985. Manchester United Foundation ilikuja 2006, na yenyewe ina utaratibu wa kuweka mfanyakazi wa kudumu ndani ya shule washirika, yaani mtu anayeonekana pale kila siku kama walimu wengine.

Taasisi hizi zinasajiliwa kama mashirika ya hisani yanayojitegemea. Zina bodi yake, hesabu zake na wafanyakazi wake. Jina na nembo ni vya klabu, na hilo ndilo linalofungua mlango wa shule. Ila kocha akifukuzwa kwa sababu ya matokeo mabaya, mpango wa shule hauyumbi.

Ilianzia kwenye aibu

Mwaka 1985 soka la England lilikuwa pabaya. Tarehe 11 Mei moto uliteketeza jukwaa la uwanja wa Bradford City na kuua watu 56. Siku 18 baadaye, kwenye fainali ya Kombe la Ulaya uwanja wa Heysel, Brussels, vurugu zilisababisha vifo vya mashabiki 39. Klabu za England zikafungiwa kucheza Ulaya. Mpira ukawa unahesabiwa kama mchezo wa wahuni, na majirani wa viwanja walikuwa wanafunga madirisha siku ya mechi.

Mwaka uliofuata, chama cha wachezaji wa kulipwa kikaanzisha mpango wa kuzirudisha klabu kwa jamii zinazozizunguka, ukianza na klabu sita za kaskazini magharibi mwa nchi. Wachezaji waliostaafu au kuumia walipata kazi, na shule zikapata makocha. Kwa hiyo ukweli usemwe: klabu hazikwenda shuleni kwa sababu ya moyo safi peke yake. Zilikuwa zinahitaji kusafisha jina. Sioni ubaya hapo, maana hata hivyo watoto walifundishwa.

Ligi ikaingia mwaka 2017

Kwa miaka mingi kila klabu ilifanya lake. Mwaka 2017 Ligi Kuu ya England ikaleta mpango mmoja wa pamoja, Premier League Primary Stars, kwa watoto wa miaka 5 hadi 11 wa England na Wales. Klabu za Ligi Kuu zimo, na za madaraja ya chini pia.

Mpango una miguu miwili. Wa kwanza ni vifaa vya kufundishia ambavyo mwalimu anavipata bure mtandaoni. Wa pili ni wafanyakazi wa klabu wanaokwenda shuleni kwa miguu yao. Masomo ni manne: Kiingereza, hisabati, michezo na stadi za maisha.

Hisabati kwa mpira inakuwaje? Chukua swali kama hili: timu imecheza mechi 10, imeshinda 5, imetoka sare 3, imepoteza 2. Ina pointi ngapi? Mtoto anayekimbia kipindi cha kuzidisha atakujibu 18 kabla hujamaliza kuuliza, halafu atakuambia pia ilibidi washinde ile sare ya mwisho. Ni kuzidisha na kujumlisha kulekule. Kilichobadilika ni kwamba sasa jibu lina maana kwake.

Upande wa lugha kuna shindano la kuandika mashairi, Writing Stars, linaloendeshwa pamoja na shirika la kusoma na kuandika la National Literacy Trust. Hoja yake ni rahisi: wapo watoto, hasa wavulana, wanaoona kusoma si mambo yao. Kitabu hichohicho kikiletwa na mtu mwenye nembo ya klabu kifuani, ghafla kinakuwa kitabu kingine.

Sasa hela inatoka wapi?

Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu, na ndipo habari nyingi za "klabu yasaidia shule" huwa zinapita haraka.

Sehemu inatoka kwenye ligi, ambayo utajiri wake mkubwa ni haki za televisheni. Ndiyo, king'amuzi unacholipia kimo humo kwa kiasi chake. Sehemu inatoka kwa wafadhili. Lakini sehemu nyingine inatoka shuleni kwenyewe, yaani shule inailipa taasisi ya klabu.

Tangu 2013 serikali inazipa shule za msingi England fungu maalumu la michezo. Kiwango kilipopandishwa mwaka 2017, fungu zima likafika pauni milioni 320 kwa mwaka, kukiwa na ahadi ya kodi ya soda zenye sukari nyingi kuchangia. Hesabu yake kwa shule yenye wanafunzi 17 au zaidi ikawa pauni 16,000, halafu pauni 10 kwa kila mwanafunzi. Shule ya watoto 300 inapata pauni 19,000. Ni lazima itangaze kwenye tovuti yake imezitumiaje.

Shule nyingi hutumia fedha hizo kukodi makocha wa nje, na makocha wa klabu wana mvuto kuliko kampuni yoyote ya mtaani. Hapo ndipo mgogoro unapoanza.

Mwalimu wa England ana haki ya angalau asilimia 10 ya muda wake wa kufundisha kwa ajili ya kuandaa masomo na kusahihisha. Saa hiyo mtu mwingine lazima akae na darasa. Kishawishi kinaonekana wazi: kocha anatoka na watoto uwanjani, mwalimu anabaki ofisini na madaftari. Kila mtu ana furaha. Tatizo ni kwamba masharti ya serikali yanakataza fungu la michezo kulipia makocha wa kuziba saa hiyo. Fedha ilikusudiwa kujenga kitu kitakachobaki, na kitu hicho ni uwezo wa mwalimu mwenyewe kufundisha michezo.

Kwa sababu hiyo mpango wa Primary Stars unasisitiza kocha na mwalimu kufundisha pamoja, bega kwa bega, kwa wiki kadhaa. Mwalimu wa shule ya msingi England kwa kawaida hufundisha karibu masomo yote ya darasa lake, na wengi mafunzo yao ya michezo yalikuwa mafupi mno. Kocha akiondoka, mwalimu awe ameiba ujuzi. Ukitaka kujua ushirikiano wa klabu na shule ni wa kweli au ni wa picha, mimi ningeuliza swali moja tu: kocha akiwa uwanjani, mwalimu yuko wapi?

Je, wanasaka vipaji?

Wazazi wengi huuliza hivi, na jibu ni hapana. Kusaka vipaji ni kazi ya akademi, ambayo ina maskauti wake na inasajili watoto kuanzia kundi la chini ya miaka 9. Rooney mwenyewe aliingia Everton akiwa na miaka tisa. Kocha anayekuja shuleni anafundisha darasa zima, pamoja na yule anayeogopa mpira na yule ambaye angependa kubaki maktaba.

Wasichana ni hadithi nyingine. Baada ya England kubeba Euro ya wanawake 2022, wachezaji waliandika barua ya wazi wakitaka kila msichana apate nafasi ya kucheza mpira shuleni. Machi 2023 serikali ikaahidi fursa sawa za michezo kwa wasichana na wavulana, na ikathibitisha zaidi ya pauni milioni 600 za fungu lile la michezo kwa miaka miwili. Barua ya wachezaji 23 ilifanya hivyo.

Usalama wa mtoto

Mtu mzima mgeni akiingia shuleni kwa jina la klabu kubwa, watoto wanamwamini papo hapo. Hilo ni jambo zuri na la hatari kwa pamoja. Mwishoni mwa 2016 wachezaji wa zamani walianza kujitokeza hadharani kueleza walivyodhalilishwa kingono na makocha walipokuwa watoto. Uchunguzi huru ulioagizwa na chama cha soka ulichapishwa Machi 2021, ukipitia miaka ya 1970 hadi 2005, na ulisema wazi kwamba soka lilishindwa kuwalinda.

Leo kocha hawezi kufanya kazi hiyo bila kukaguliwa rekodi zake za jinai na kupata mafunzo ya ulinzi wa mtoto, na shule ina afisa wa kupokea malalamiko. Kama kuna kitu cha kuiga kabla ya mipira na jezi, basi ni hiki.

Njaa nayo

Marcus Rashford alisoma Button Lane, shule ya msingi ya kusini mwa Manchester, na alikula chakula cha bure cha shule kwa sababu nyumbani hali ilikuwa ngumu. Juni 2020, katikati ya korona, aliwaandikia wabunge akitaka watoto maskini waendelee kupewa vocha za chakula wakati wa likizo ndefu. Serikali ilikataa, halafu siku moja baada ya barua ikageuka. Watoto wapatao milioni 1.3 wakawa na haki ya vocha ya pauni 15 kwa wiki.

Hiyo haikuwa programu ya klabu yoyote, alikuwa mchezaji na simu yake. Lakini inasaidia kuelewa mazingira. Walton, mtaa wa Goodison, ni kati ya sehemu zenye umaskini mkubwa zaidi England, na mtoto mwenye njaa hafundishiki hata ukimletea kombe lenyewe darasani.

Na ile nembo kifuani?

Swali gumu. Everton walivaa jina la SportPesa kuanzia 2017 hadi 2020, na baadaye wakavaa la kampuni nyingine ya kubahatisha. Klabu hiyohiyo inafundisha hisabati kwa watoto wa miaka minane. Kanuni za sekta hiyo Uingereza haziruhusu nembo za kubashiri kwenye jezi za saizi za watoto, na ndiyo maana jezi ya mtoto haifanani na ya baba yake. Aprili 2023 klabu za Ligi Kuu zilikubaliana kuondoa kampuni za kubashiri mbele ya jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Kwenye mikono ya jezi na mabango ya uwanjani hazikuguswa.

Watetezi wa klabu wanasema fedha hizo ndizo zinazolipia mengine yote. Wapinzani wanasema mtoto anaangalia mechi nzima, haangalii jezi yake peke yake. Mimi naona wa pili wana hoja nzito zaidi, hasa nikiangalia vibanda vyetu siku ya wikiendi na umri wa wanaojaza mikeka humo.

Goodison baada ya wanaume kuhama

Everton waliishi Goodison Park tangu 1892. Tarehe 18 Mei 2025 timu ya wanaume ilicheza mechi ya mwisho pale, ikaifunga Southampton 2-0, kisha ikahamia uwanja mpya wa zaidi ya viti 52,000 kando ya mto Mersey. Awali mpango ulikuwa kubomoa Goodison. Siku chache kabla ya mechi hiyo klabu ikatangaza kwamba uwanja unabaki, na utakuwa nyumbani kwa timu ya wanawake.

Jukwaa maarufu la uwanja huo linaitwa Gwladys Street. Jina hilohilo linabebwa na shule ya msingi iliyo jirani. Kuanzia msimu wa 2025/26, watoto wa mtaa ule wakitoka shule na kusikia kelele za Goodison, wanaocheza ndani ni wanawake.