Mitambo Midogo ya Kupiga Chapa kwa Mkono

Wanachama na wazee wetu walioshika kijitabu hiki cha hesabu na habari za mwaka, huenda wengine hawajapata kufikiri ni jasho kiasi gani lililomwagika zamani ili karatasi moja tu ipigwe chapa. Tangu siku za Gutenberg, kwa muda wa karne tatu na nusu, mtambo ulikuwa wa mbao na haukubadilika sana. Mtu mmoja alipaka herufi wino. Mwenziwe alivuta mkono uliozungusha parafujo, na karatasi kubwa haikukamilika ila kwa kuvutwa mara mbili.

Yapata mwaka 1800, Lord Stanhope wa Uingereza aliunda mtambo wa chuma, akaunganisha wenzo na parafujo, hata karatasi nzima ikapigwa kwa mvuto mmoja. Bwana huyo hakutaka hati ya kuwazuia wengine wasiige kazi yake, nao wakaiiga kweli kweli. Mwaka 1813 George Clymer wa Philadelphia aliiondoa parafujo kabisa, na juu ya mtambo akaweka tai wa chuma. Wanaomwona mara ya kwanza hudhani ni pambo tu, kumbe uzito wake ndio uliosaidia kuliinua bamba.

Tarehe 29 Novemba 1814, gazeti la The Times la London lilipigwa kwa nguvu za mvuke, karatasi 1,100 kwa saa, hali mkono ulitoa kama 250. Ungedhani mkono umekwisha kazi. Lakini mwenye duka hahitaji karatasi elfu; ataka kadi mia na tangazo moja, naye hana fedha za kununua mvuke.

Huyo ndiye aliyekumbukwa na Samuel Lowe wa Marekani mwaka 1856, alipobuni mtambo mwepesi wenye chuma cha umbo la pia kilichoviringika juu ya herufi. Baadaye, mwaka 1872, William Kelsey wa Meriden, Connecticut, alianza kuuza mitambo iliyowekwa juu ya meza. Mdogo wake ulipiga kadi ya inchi 3 kwa 5. Mtu akishusha mkono, karatasi hukutana na herufi, na papo hapo roli hupanda kwenye sahani ya wino. Akiuachia, roli hushuka zikipaka herufi upya. Roli za siku hizo zilikuwa za gundi na molasi, nazo hulainika penye joto kali. Hata vijana wakapiga vijigazeti vyao, na mwaka 1876 wakakutana Philadelphia kuunda chama.

Huku kwetu pwani, Askofu Tozer na Dokta Edward Steere walifika Unguja mwaka 1864, na misheni yao ikawa na mtambo mdogo wa mkono. Waliofundishwa kazi hiyo ni vijana waliookolewa utumwani. Mtoto aliyeuzwa kama bidhaa alipanga kwa vidole vyake herufi za risasi, zilizogeuzwa kama katika kioo, zikatoka maneno ya Kiswahili. Mtambo haukuwa wake, tusifiche. Misheni ndiyo iliyoamua nini kipigwe chapa. Hata hivyo mwaka 1888 likatoka Unguja gazeti la Msimulizi, na ndani yake Waafrika wenyewe waliandika habari za vituo vyao.