Kuwepo Bila Kusikiliza: Maana za Kitenzi cha Kiingereza "Attend"

Kitenzi cha Kiingereza "attend" kina walau maana tano zilizo hai: kuhudhuria mkutano, kushughulikia jambo, kumhudumia mgonjwa, kufuatana na mkubwa kama mpambe wake, na kuambatana na kitu kingine, kama homa inavyokuja na kutetemeka. Maana ya sita, kungoja, imefifia katika Kiingereza, ilhali katika Kifaransa ndiyo maana kuu ya "attendre".

Kuhusu asili hakuna ubishi. Kilatini "attendere" ni kuvuta au kunyoosha kuelekea kitu, na aghalabu kilichonyooshwa kilikuwa "animum", yaani akili. Yambwa hiyo ikazoea kudondoshwa, na kitenzi kikabaki peke yake na maana ya kuzingatia. Shina lake, "tendere", lilitumika pia kwa kuvuta upinde. Mswahili hutega sikio kama anayetega mtego. Mrumi aliivuta akili kama uzi wa upinde. Kupitia Kifaransa cha kale neno likaingia Kiingereza.

Ubishi uko kwenye hesabu: je, maana hizi ni nyingi kweli, au ni moja inayovalishwa nguo tofauti na muktadha? Charles Ruhl, katika kitabu chake cha 1989 kuhusu umoja wa maana, alishikilia kwamba mtafiti aanze kwa kudhani neno lina maana moja pana, na mengine ayaachie muktadha. Kwa "attend", maana hiyo ingekuwa kitu kama "kuwa karibu na jambo, kwa mwili au kwa akili". Ufafanuzi huo unavutia, lakini haushiki. Achukuliwe mwanafunzi aliyelala safu ya nyuma tangu mhadhara uanze hadi ukaisha. Kwa Kiingereza huweza kusemwa, katika sentensi moja na bila kujipinga, kwamba mwanafunzi huyo alifanya "attend" ule mhadhara na hakufanya "attend to" neno lake hata moja. Kukubali na kukanusha kwa pamoja ni kati ya vipimo vya utata wa maana ambavyo Zwicky na Sadock walivijadili mwaka 1975, na hapa kipimo kinajibu waziwazi.

Mtetezi wa maana moja atasema kwamba tofauti imeletwa na kihusishi "to", wala si na kitenzi. Hiyo ni hoja nzito, na kwa Kiingereza cha leo ina ukweli mwingi. Lakini historia inaikataa. Katika tamthilia ya Shakespeare *The Tempest*, iliyochezwa mbele ya mfalme mwaka 1611, Prospero anamsimulia binti yake Miranda jinsi walivyofukuzwa Milan, na katikati ya masimulizi anamuuliza kama anafanya "attend". Kihusishi hakipo. Miranda yuko mbele yake, kisiwani, hana pa kwenda; kuwepo kwake si jambo la kuulizwa. Kinachoulizwa ni usikivu tu. Kwa hiyo kitenzi chenyewe, bila msaada wa "to", kiliwahi kubeba usikivu kamili. Mgawanyo wa kazi kati ya umbo lenye kihusishi na lisilo nacho ulikuja kuimarika baadaye, na hata leo haujakamilika: daktari humfanyia mgonjwa "attend" bila kihusishi, na hapo hakuna anayeelewa kwamba amemhudhuria.

Jambo la pili ni mwelekeo. Eve Sweetser (1990) alionyesha jinsi maneno ya mwili yanavyogeuka kuwa maneno ya akili. Hatua ya kwanza ya "attend" inamuunga mkono: kunyoosha kumekuwa kuzingatia. Hatua zilizofuata zinakwenda kinyume. Anayezingatia matakwa ya bwana hungoja amri yake; anayengoja amri hukaa karibu; anayekaa karibu huitwa yupo. Mwishowe usikivu ukadondoka na kuwepo kukabaki. Njia hii, kupitia utumishi, haina ugeni kwa Mswahili: bawabu huitwa pia mngoja mlango, na kungoja huko si kusubiri mlango ufunguliwe, ni kuulinda na kuutumikia.

Kiswahili kwa upande wake kinatoa ushahidi ambao wanaoandika kuhusu "attend" hawajauzingatia inavyostahili. Mzizi wa Kiarabu ulioleta "hudhuria" maana yake ya msingi ni kuwepo, na ndio uliozaa pia "hadhara", "hadhira", "mhadhara" na "mhadhiri". Hapa safari ilianza na miili iliyokusanyika mahali pamoja ikaishia kwa watu wanaosikiliza. Kiingereza kilianzia kwenye akili iliyovutwa kikaishia kwenye jina lililotiwa alama katika daftari la mahudhurio. Huenda basi hakuna mwelekeo mmoja wa lazima kati ya kuwepo na kuzingatia, na kila lugha hupita palipokuwa na desturi ya kuipitisha: ikulu ya mfalme kwa Kiingereza, baraza la wasikilizaji kwa Kiarabu. Kwa mfasiri matokeo yake ni ya kila siku. "Hudhuria" hutosha kwa mkutano, lakini kwa mgonjwa litahitajika "uguza" au "hudumia", na kwa Miranda hakuna linalofaa ila "sikiliza".