Kufuli la Fundi na Kufuli la Mwenye Nyumba

Cheti cha usalama cha bodi ya umeme hakikuzaliwa na huruma kwa fundi wala kwa mpangaji. Kilizaliwa na hofu ya kuunguza mali. Kanuni za kwanza za wahandisi wa telegrafu wa London, za mwaka 1882, zilitangaza wazi kwamba shabaha yake ni kuzuia moto wa taa za umeme. Mwaka 1893 kampuni za bima zilimtuma William Henry Merrill akague nyaya za maonyesho makubwa ya Chicago, na mwaka uliofuata akaanzisha maabara inayojulikana hadi leo kwa jina la UL. Aliyekuwa na bohari yenye bima alimpata mkaguzi. Aliyelala chumba cha kupanga alisubiri sana, na katika sehemu nyingi za dunia bado anasubiri.

Malawi ilirithi mfumo huo wa Uingereza. Shirika la umeme, ESCOM, lilianza mwaka 1957. Kituo cha Nkula kwenye mto Shire kikafuata mwaka 1966. Ofisi ya Viwango ikaundwa mwaka 1972, miaka mitatu kabla makao makuu hayajahamishwa kutoka Zomba kwenda Lilongwe. Lilongwe basi ni mji mkuu uliokuta taasisi za viwango zimeshasimama. Dzaleka, iliyo yapata kilomita 45 kaskazini katika wilaya ya Dowa, ilianza kinyume kabisa. Ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Rais Kamuzu Banda, na mwaka 1994 ikafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi kama 10,000. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Isitoshe, Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, ilijiwekea masharti ya kutofungwa na vifungu kuhusu mali, kazi za kitaaluma na uhuru wa kutembea. Ikiwa cheti hufuata mali, tutarajie nini mahali ambapo haki ya mali yenyewe ina mashaka?

Wapo watakaosema: basi tufunge kabati la bodi kwa kufuli, watoto na wasiojua wasiguse. Sikubaliani nao. Kiwango cha kimataifa IEC 61439-3 kinahusu bodi zinazotumiwa na watu wa kawaida, zisizozidi ampea 250. Sehemu zenye umeme hufichwa nyuma ya kifuniko kinachohitaji zana, lakini swichi hubaki mkononi mwa mkaaji. Mwenye nyumba anayefunga mlango wa nje na kuondoka na ufunguo amemnyima mpangaji njia ya kuzima umeme moto unapoanza. Kufuli linalohitajika ni jingine: lile ambalo fundi hulitia kwenye breka iliyozimwa, ufunguo ukakaa mfukoni mwake mpaka amalize kazi. Marekani ililazimisha utaratibu huo viwandani mwaka 1989. Malawi inauhitaji kwa sababu zake. Januari 2022 dhoruba ya kitropiki Ana iliharibu kituo cha umeme cha Kapichira, na karibu theluthi moja ya umeme wa nchi ikapotea. Umeme ukikatika hivyo, fundi hushawishika kushika waya akiamini hauna kitu, na hakuna anayejua dakika utakayorudi.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama: maskini atanunuaje bodi yenye cheti? Ni kweli, bodi ni ghali. Lakini cheti hupima yale ambayo jicho halioni, yaani kama breka itakata hitilafu ikitokea na kama kasha litachochea moto. Uingereza yenyewe ilikuja kutaka makasha yasiyoungua majumbani mwaka 2016, baada ya moto kuanzia kwenye makasha ya plastiki. Kufuli la breka, kwa upande wake, ni kitu kidogo ambacho mafundi kadhaa wanaweza kuchangia, na halihitaji hati ya nyumba. Mamlaka ya nishati, MERA, ndiyo inayowapa mafundi vibali. Inaweza kuanza kwa kuwafundisha mafundi wa Dzaleka, kwa Kiswahili, namna ya kulitumia, kabla suala la nani anamiliki ukuta halijaamuliwa.