Watoto Mbele ya Kamera

Katika nyumba nyingi za Nairobi huwekwa albamu ya picha za zamani, na ndani yake hakosi kuwamo mtoto aliyesimama wima kama askari, mikono imegandamana na mapaja, uso umekunjamana na macho yamefumba nusu. Wajukuu huitazama picha hiyo wakacheka, wakasema kuwa babu alikuwa mkali tangu utotoni. Humdhulumu babu wa watu. Jua lilikuwa likimchoma machoni, na aliyempiga picha alikuwa amefuata barabara maagizo ya wakati wake. Picha ya mtoto hueleza habari za mtoto, na pia habari za chombo kilichomtazama. Hizi za pili ndizo nitakazozisimulia hapa, maana ni wachache wazijuao.

Daguerre alipoutangazia ulimwengu ufundi wake katika nchi ya Ufaransa, mwaka 1839, picha moja ilihitaji nuru ya dakika kadhaa. Mtu mzima aliweza kuvumilia, kichwa chake kikishikwa kwa chuma nyuma ya kisogo. Mtoto je? Hata ufundi ulipoendelea, na dakika zikawa sekunde, mama alilazimika kumpakata mwanawe huku yeye mwenyewe amefunikwa shuka gubigubi, ili aonekane kama kiti. Picha za namna hiyo zimesalia nyingi katika Ulaya na Marekani, na ukizichungua huenda ukaona mkono wa mama ukichomoza chini ya kitambaa.

Katika Uingereza alikuwako bibi mmoja, Julia Margaret Cameron, aliyepewa kamera na bintiye mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 48. Hakwenda kutafuta nyumba ya fahari. Aligeuza banda lake la kuku kuwa chumba cha vioo, na mwezi wa Januari 1864 akapiga humo picha ya mtoto wa kike aitwaye Annie, ambayo mwenyewe aliihesabu kuwa ya kwanza kufanikiwa. Nuru iliingia kwa upande mmoja tu, ikaliangaza shavu moja na kuliacha la pili katika kivuli, na uso ukapata umbo lake. Jambo hilo lililogunduliwa bandani ni kubwa kuliko yote nitakayoyataja.

Kwetu Afrika Mashariki ufundi uliingia kwa njia ya pwani. Gomes alikuwa na studio Unguja katika karne ya 19. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini humo mwaka 1930. Na Mombasa, Parekh alikuwa na yake tangu miaka ya 1940. Mtoto alivishwa nguo za Idi au za arusi, akapelekwa mbele ya pazia lililochorwa, akaambiwa atulie. Picha zilitoka safi sana, na nyingine ni nzuri ajabu. Lakini mtoto alikuwa mgeni katika nyumba ya watu, na ugeni huo husomeka machoni.

Nyumbani picha zilipelekwa na sanduku dogo la karatasi ngumu. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak, yenye makao yake Rochester katika Marekani, ilitoa kamera ya Brownie kwa bei ya dola moja. Kamera hiyo haikuweza kuona vizuri ila katika jua kali, na kwa hiyo mpiga picha aliagizwa asimame huku jua limempiga mgongoni. Agizo hilo lilifaa kule ambako jua hupita chini angani. Nairobi iko kusini ya ikweta kwa digrii moja na kitu; katika mwezi wa Machi na wa Septemba jua la saa sita husimama utosini. Basi mtoto wa Nairobi alipata mashimo mawili meusi mahali pa macho, au, jua lilipoinama, alipata ile mikunjo ya babu.

Na mtoto gani? Loresho, upande wa magharibi wa mji, karibu na Kabete, palikuwa mashamba ya kahawa ya walowezi. Mtoto wa mwenye shamba aliweza kupigwa picha akiwa na mbwa wake, na jina lake likaandikwa chini. Mtoto wa kibarua, kama aonekana katika picha za zama zile, aghalabu yuko pembeni, hana jina.

Baada ya uhuru mwaka 1963 ubaguzi ule wa makazi ulivunjika, na kamera zikaingia katika nyumba za Waafrika wengi zaidi. Hapo ukaonekana upungufu mwingine. Filamu za rangi zilisahihishwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu. Wa kwanza aliitwa Shirley, na kadi zikarithi jina lake. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Katika picha ya darasa lenye watoto wa rangi zote, mtoto mweupe alionekana hata madoa ya pua, na jirani yake mweusi akawa meno na macho tu. Wazazi wa Marekani walilalamika. Lakini waliosikilizwa upesi, yasemekana, ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka bidhaa zao zionekane vyema. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Filamu ziliboreshwa katika miaka ya 1980 na 1990, na hata mwaka 2021 kampuni ya Google ilikuwa ingali ikitangaza simu, Pixel 6, iliyorekebishwa ili iione ngozi nyeusi kwa haki zaidi.

Chombo kimeendelea, ila bado hudanganyika. Kamera hupima nuru yote inayoiingia. Ukimsimamisha mdogo wako mbele ya ukuta mweupe, yenyewe hupunguza nuru kwa ajili ya ukuta, na uso wake huzama gizani. Msimamishe mbele ya ua wa michongoma au mlango wa mbao, kisha gusa uso wake katika kioo cha simu ili upimwe huo. Epuka saa sita. Saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni ni bora, na barazani ni bora zaidi ya uwanjani, kwa kuwa nuru huingia kwa upande mmoja kama katika lile banda la kuku. Kivuli cha mti wenye majani haba hakifai, maana humtia mtoto madoa kama chui. Piga magoti, kamera ilingane na macho yake. Usimwambie acheke, mpe sufuria na mwiko, ungoje.

Kuanzia Juni hadi Agosti, mawingu yafunikapo Loresho kutwa na watu wakanung'unikia baridi, nuru hushuka kutoka mbingu nzima, wala haina ukali. Miezi hiyo mtoto aweza kupigwa picha hata saa sita, macho yake yakiwa wazi.