Munganga anafundishwa wapi? Kutoka Pholela mpaka Mabalako

Mimi si munganga. Nilisoma kilimo, nikapata lisansi, na kazi yangu ni udongo, mbegu na kakao. Lakini leo nataka kuandika juu ya masomo ya medisini, sababu bibi yangu aliuliza swali moja kule Mabalako mwaka 2018, na mpaka leo sijalimaliza.

Ile historia wote munaijua. Tarehe 24 Julai 2018 serikali ilitangaza mwisho wa Ebola ya Equateur. Wiki moja tu ilipita. Tarehe 1 Agosti ikatangazwa Ebola nyingine, safari hii katika zone ya afya ya Mabalako, kitovu chake Mangina. Tarehe 8 Agosti chanjo ilikuwa imeanza. Tukubali, kwa upande wa sayansi ilikuwa mbio kubwa. Barabara ya Beni kwenda Mangina, ambayo tulizoea pikipiki na magunia ya kakao, ikajaa magari meupe.

Bibi aliangalia yale magari, akaniuliza: «Mujukuu, hawa wote walikuwa wapi wakati watoto wetu walikuwa wanakufa na malaria?»

Nilinyamaza. Pale nyumbani kulikuwa pia na ndugu yetu mmoja aliyekuwa anasoma medisini. Yeye alijua virusi vizuri kabisa: vinaingia wapi, vinaharibu nini, siku ngapi kabla ya homa. Alieleza kama yuko mbele ya profesa. Bibi alimusikiliza mpaka mwisho, kisha akarudilia swali lilelile. Mutu aliyejibu ni infirmye wa kituo cha afya. Alivuta kiti, akakaa, akasema kwanza: «Mama, muna haki ya kukasirika.» Halafu akaanza kueleza polepole, kwa Kinande na Kiswahili, akitaja watoto aliowazalisha yeye mwenyewe katika ile avenyi. Jirani mmoja alipokufa siku zilizofuata, bibi ndiye aliyewaambia wanawake wengine waache timu ya mazishi ifanye kazi yake.

Kwa nini mwenye masomo mengi alishindwa, na mwenye masomo kidogo akaweza? Watu husema ni tabia, au ni umri. Mimi naona ni historia. Tuangalie munganga wetu alifundishwa wapi.

Wakati wa Wabelgiji, Mukongo hakuruhusiwa kufika mbali. Kulikuwa na mainfirmye na wasaidizi wa waganga waliofundishwa Léopoldville na Kisantu, watu hodari sana, lakini diplome ya daktari haikuwa yao. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954, na uhuru wa 1960 ulifika bila daktari hata mmoja Mukongo aliyemaliza nchini. Ndiyo maana diplome ya daktari ikawa kitu kizito sana kwetu, kama medali ya uhuru. Na ile shule tuliyoirithi ilikuwa shule ya hospitali: kitanda, mugonjwa amelala, profesa mbele, wanafunzi nyuma. Mugonjwa alikuwa anatoka kijiji gani, anakunywa maji gani, nani anaamua nyumbani kwake, hayo hayakuwa na kitanda.

Lakini kulikuwa na njia nyingine, na ilianza mapema. Mwaka 1940, kule Pholela, Natal, Afrika ya Kusini, waganga wawili, Sidney Kark na mke wake Emily, walifungua kituo cha afya cha namna mupya. Hawakungojea wagonjwa waje. Wafanyakazi wao walipita nyumba kwa nyumba, wakahesabu watu, wakauliza wanakula nini, wakaandika nani amekufa na sababu gani. Waliona kwamba ugonjwa mukubwa wa pale ulikuwa njaa ya chakula kizuri, ile tunayoita bwaki hapa Kivu. Basi wakafanya nini? Wakaanzisha bustani za mboga, wakatafuta mbegu, wakafundisha kupika. Mimi mutu wa kilimo niliposoma hii nilicheka peke yangu: kumbe medisini ya jamii ilizaliwa karibu na jembe! Serikali ya ubaguzi wa rangi iliyoingia mwaka 1948 haikuipenda ile kazi, na mwishowe Kark na Emily wakaondoka nchini, wakafika Yerusalemu mwaka 1959. Lakini wazo halikufa. Lilifika mpaka mukutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, ambako nchi nyingi zilikubali kwamba afya inaanzia kwa jamii. Zone za afya tulizo nazo leo Congo, Mabalako ikiwa mojawapo, zinatoka katika mawazo ya wakati ule.

Na hapa kwetu? Wazee wa Oicha wanakumbuka Dr Carl Becker, Mumarekani wa misioni, aliyetibu watu wa pori na wenye ukoma mpaka vita ya Simba ya mwaka 1964 ilipomufukuza. Baadaye akaenda Nyankunde, Ituri, na huko ndiko Helen Roseveare, munganga Mungereza, alifundisha mainfirmye kwa ajili ya vituo vya mbali. Nyankunde ilizaa pia IPASC, shule ya afya ya jamii. Septemba 2002 vita iliharibu Nyankunde. Wagonjwa, wafanyakazi na wanafunzi walikimbia kwa miguu kupita porini mpaka Oicha na Beni, na IPASC ikahamia Aru. Shule zikageuka wakimbizi, kama watu wao.

Sasa angalieni mwaka 1989. Ukivuka Kasindi, ukapita Kasese, unafika Mbarara. Pale Uganda ilifungua mwaka ule chuo kikuu ambacho fakulte yake ya medisini iliwekwa tangu mwanzo kwa ajili ya jamii: mwanafunzi anatumwa kuishi na kujifunza vijijini, na ile inahesabiwa katika masomo yake, si matembezi. Kenya, kule Eldoret, chuo cha Moi kilianza vilevile: tangu wanafunzi wa kwanza wa medisini wa mwaka 1990, kazi katika jamii ni sehemu ya programu. Makerere yenyewe, pamoja na uzee wake, ilibadilisha programu yake mwaka 2003 kufuata njia hiyo. Na mwaka uleule wa 1989, upande wetu wa Ruwenzori, Butembo ilipata Université Catholique du Graben, wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko. Medisini na kilimo zikakaa chini ya paa moja. Ninaliweka hili katika akili yenu, nitalirudilia.

Turudi kwa Ebola. Ilimalizika tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Katikati ya ile miaka Beni, Butembo na Mangina zilitoa kitu kikubwa kwa dunia: utafiti wa dawa uliofanyika katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina ulionyesha mwezi wa Agosti 2019 kwamba dawa mbili zinaokoa. Moja kati yake ilitoka katika damu ya mutu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Tulikuwa na chanjo, tulikuwa na dawa. Tulikosa nini?

Tulikosa kuaminiana. Disemba 2018 Beni na Butembo zilinyimwa kuchagua rais pamoja na wengine, sababu ilitajwa Ebola na usalama, na watu wakasema: «Munaona? Ni mupango.» Mauaji ya Beni yalikuwa yanaendelea tangu 2014, na hakuna aliyeleta magari meupe kwa ajili ya yale. Mwaka 2019 surua iliua watu zaidi ya 6,000 Congo, wengi wao watoto, kuliko Ebola, na kelele ilikuwa ndogo. Kwa hiyo swali la bibi halikuwa ujinga. Lilikuwa hesabu. Na tarehe 19 Aprili 2019, Dr Richard Mouzoko, Mukameruni, aliuawa kwa risasi akiwa katika mukutano katika hospitali ya chuo cha Graben, Butembo. Alikufa pale pale waganga wetu wanapofundishwa. Hakuna hasira inayohalalisha kifo kile. Ni aibu yetu, na tuibebe.

Kuaminiana hakuletwi na gari siku ya ugonjwa. Ni kama kakao: ukipanda leo, utangoja miaka, na siku unapohitaji mavuno huwezi kuilazimisha. Infirmye yule alikuwa amepanda zamani. Ndugu yetu wa medisini hakuwa mubaya. Hakuna aliyemupeleka shambani.

Sisemi shule zetu hazifanyi kitu. Ninajua wanafunzi wanaokwenda stazhi mbali, na kurudi na matope mpaka magoti. Lakini ninauliza wenzangu walio katika fakulte sasa: stazhi yenu ya kijiji ina pwenti ngapi? Inakuja mwaka gani, wa kwanza au wa mwisho wakati kichwa kimekwisha kuwa cha hospitali? Bareko na mainfirmye wanahesabiwa kama walimu wenu, au kama watu wa kuwabebea mizigo? Na ninyi wa kilimo, kama mimi: kwa nini tupande motari tofauti kwenda kijiji kimoja, munganga kupima bwaki ya mutoto, na sisi kupima muhogo wa mama yake, bila kusalimiana?

Kule Mabalako watu huita «munganga» yeyote anayewatibu, infirmye au daktari. Bibi yangu hajui diplome gani inapita nyingine. Anajua nani alikaa kwenye kiti. Fakulte inayotaka kujibu swali lake ingemupeleka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale mlangoni kwake, kabla hajajua jina la virusi hata kimoja.

Andikeni mawazo yenu hapa chini, hasa wale wa medisini. Hata kama hamukubaliani nami, tuzungumze.