Kununua au kukodi shamba nchi jirani: bei, sheria na hesabu zake

Wafanyabiashara wa mazao wanaovuka Namanga, Holili, Sirari au Malaba husikia mara kwa mara kwamba ng'ambo ya pili ekari ya shamba ni rahisi. Anayenunua vitunguu au mahindi kila msimu huanza kujiuliza kwa nini asilime mwenyewe. Wazo hilo halina ubaya. Tatizo ni kwamba bei inayotajwa na dalali mpakani mara nyingi ni bei ya mwananchi wa nchi ile, na mgeni akilipa kiasi hicho hicho hapati kitu kile kile.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010, ilifungua njia kwa bidhaa, huduma, mitaji na wafanyakazi. Ardhi haikufunguliwa kwa namna hiyo. Ibara ya 15 inasema upatikanaji na matumizi ya ardhi utaongozwa na sera na sheria za kila nchi mwanachama. Hivyo basi Mkenya akifika Arusha, kwa upande wa ardhi yeye ni mgeni, na Mtanzania akifika Taveta ni hivyo hivyo.

Tanzania

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Mtu hamiliki udongo, anamiliki haki ya kuutumia. Asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji uliopitishwa na chombo cha serikali cha uwekezaji. Kwa miaka mingi chombo hicho kilikuwa TIC. Mwaka 2025 kiliunganishwa na mamlaka ya EPZA, na sasa ni TISEZA. Kampuni ambayo wengi wa wanahisa wake si raia huhesabiwa kuwa si raia, hata kama imesajiliwa Dar es Salaam.

Sehemu kubwa ya mashamba ambayo mfanyabiashara wa mpakani anaonyeshwa ni ardhi ya kijiji. Ili mwekezaji wa kigeni aipate kwa njia halali, ardhi hiyo hainabudi kuhamishwa kwanza kutoka ya kijiji kuwa ardhi ya jumla. Isipozidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha, na ikizidi hapo Waziri ndiye anayeamua baada ya kusikia maoni ya kijiji. Kazi hii si ya wiki mbili, wala mwenyekiti wa kijiji hawezi kuimaliza kwa muhuri wake peke yake. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa kijiji na sahihi za mashahidi wanne inaweza kuwa ushahidi kwamba fedha zilitolewa. Haimfanyi mgeni kuwa mmiliki.

Kenya

Katiba ya 2010, Ibara ya 65, inamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa kukodi tu, muda usiozidi miaka 99. Mkataba wowote unaompa zaidi ya hapo utasomwa kama ukodishaji wa miaka 99. Wengi huishia hapo na kudhani mambo ni mepesi.

Kwa mashamba ya kilimo kuna kizingiti kingine ambacho ni cha zamani zaidi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 inataka kila uuzaji, uhamisho au ukodishaji wa shamba la kilimo upate idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi ya eneo hilo, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bodi inatakiwa kukataa kama anayepokea si raia, isipokuwa Rais ametoa msamaha. Makubaliano yasiyo na idhini ni batili. Aliyelipa anaweza kudai fedha zake kama deni, lakini shamba halidai. Mtanzania au Mganda anayepewa ekari 20 "kwa miaka 30" huko Loitokitok au Busia anapaswa kuuliza kwanza habari ya bodi, kisha ndipo aulize bei.

Uganda

Hapa kuna mifumo minne: ya kimila, umiliki kamili, mailo na kukodi. Asiye raia anaruhusiwa kukodi tu, hadi miaka 99, na ukodishaji wa miaka 5 au zaidi lazima usajiliwe. Mtego mkubwa uko kwenye mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900. Hati inaweza kuwa safi kabisa na shamba likawa na watu. Wenye kibanja, wakiwemo waliokaa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995, wana ulinzi wa sheria, na marekebisho ya 2010 yalizidi kubana kuwafukuza. Kodi wanayomlipa mwenye hati ni ndogo mno. Ndiyo maana shamba la mailo lenye wakazi huuzwa kwa bei ya chini sana kuliko jirani yake lililo tupu. Dalali hutaja bei ya kwanza na kuonyesha picha za la pili.

Congo, iliyoingia Jumuiya mwaka 2022, ina sheria ya Julai 1973 inayosema ardhi ni ya dola. Idhini ya kudumu hupewa raia peke yao. Mgeni hupata ya muda, miaka 25 kwa mara moja, nayo huweza kuongezwa.

Bei inasema nini

Kipimo kizuri kuliko bei yenyewe ni uwiano wa bei na kodi ya mwaka. Chukua mfano wa hesabu tu, si bei ya mahali fulani. Ekari inakodishwa kwa shilingi 12,000 kwa mwaka na inauzwa kwa 600,000. Mnunuzi analipa kodi ya miaka 50. Kama fedha hizo ni mkopo wa riba ya asilimia 12, riba peke yake ni 72,000 kwa mwaka, mara sita ya kodi. Katika bei hiyo hakuna mahindi wala vitunguu vitakavyolipa. Anayenunua anategemea kwamba barabara itapita, mji utafika, au mtoto atajenga. Kwa mkulima wa biashara jibu ni kukodi.

Sasa chukua ekari nyingine, kodi ile ile 12,000, lakini inauzwa 150,000. Ni kodi ya miaka 12 na nusu. Kwa macho ni nafuu sana. Lakini soko si jinga. Wenyeji wanalijua shamba lile, na kama wao wenyewe hawaligombanii, kuna sababu: hati haipo, ndugu wanagombana, maji hukauka Agosti, au mnunuzi hawezi kulisajili. Kwa mgeni hiyo sababu ya mwisho ndiyo ya kawaida. Punguzo analoliona ni bei ya hatari anayouziwa pamoja na shamba.

Maji yahesabiwe peke yake. Nchini Kenya na Tanzania kibali cha kuvuta maji mtoni kwa ajili ya kumwagilia hutolewa chini ya sheria za maji, na si sehemu ya bei ya ekari. Shamba la kando ya mto bila kibali ni shamba la kungojea mvua.

Kukodi kwa msimu

Njia ambayo wengi huitumia kwa kweli ni kuingia ubia na mwenyeji: mgeni analeta mbegu, mbolea na soko, mwenyeji analeta shamba, na mavuno yanagawanywa kwa mkataba wa maandishi. Tanzania sheria iliyorekebishwa mwaka 2004 inatambua ubia wa aina hii kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Kwa kiwango kidogo, ni mwenyeji anayelima na mfanyabiashara anayenunua. Hata hapo kuna la kuangalia: amri iliyotangazwa Tanzania mwishoni mwa Julai 2025 iliweka ununuzi wa mazao shambani kati ya biashara ambazo wasio raia walikatazwa, na Kenya ililalamika. Anayepanga kununua mazao shambani badala ya sokoni aulize ofisi ya biashara ya wilaya kabla ya kupeleka malipo ya awali.

Muda wa mkataba ufuate zao. Kitunguu kinakaa shambani miezi minne hivi, na mkataba wa msimu mmoja unatosha, mradi useme wazi kwamba unaisha baada ya mavuno na si tarehe fulani, maana mvua huchelewa. Parachichi la kupandikizwa huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu, kwa hiyo mkataba wa miaka miwili ni kumlimia mwenye shamba bure. Tena katika vijiji vingi kupanda mti wa kudumu huchukuliwa kama kudai umiliki, na mwenye shamba akiona mche wa mwembe anaweza kuvunja mapatano siku hiyo hiyo.

Kabla ya kulipa, shamba lipimwe. Ekari ya hatua za miguu na ekari ya kipimo cha setilaiti hazilingani mara nyingi, na wengine huchanganya ekari na hekta, ambayo ni karibu ekari 2.47. Rekodi ipekuliwe ofisi ya ardhi, na sahihi ya mke au mume wa mwenye shamba itafutwe, kwa kuwa sheria za nchi zote tatu zinailinda familia. Majirani wa pande nne waulizwe mbali na dalali.

Wapo wanaoandikisha shamba kwa jina la rafiki au shemeji aliye raia. Katiba ya Kenya imelitazama hilo: mali iliyoshikwa kwa udhamini huhesabiwa ya raia pale tu wafaidikaji wote ni raia, na kampuni ni ya raia ikiwa hisa zote ni zao. Rafiki akifariki, warithi wake ndio wenye jina kwenye hati, na aliyetoa fedha atakuwa anaeleza mahakamani makubaliano ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuyafanya.