Kidole Kinene, Herufi Nyembamba

Juzi nilishuka basi Mbezi usiku, begi begani, nikamwandikia mama haraka haraka: "Shikamoo mama, nimefika salama." Jibu lake lilikuja kwa sauti, maana mama siku hizi haandiki: "Marahaba mwanangu. Salami ndiyo mtaa gani?"

Nilipotazama, kweli simu ilikuwa imenipeleka Salami.

Enzi za kitochi simu haikuwa na kiherehere hicho. Ukitaka kuandika "sana" ulibofya 7 mara nne, 2 mara moja, 6 mara mbili, kisha 2 tena: mara nane kwa neno la herufi nne. Miaka ya 1990 kampuni ya Tegic ya Seattle, Marekani, ilileta T9, mfumo ambamo kila herufi hubofywa mara moja tu, na simu hutafuta neno kwenye kamusi yake. Kwa Kiswahili mambo hayakuwa mepesi, kwa kuwa "sana" na "pana" zote ni 7262. Wengi wetu tuliuzima. Hata hivyo batani zilikuwa na kingo, na kidole gumba kilizijua hata simu ikiwa chini ya dawati mwalimu akiendelea kufundisha.

Kioo hakina kingo. Mwaka 2005, Apple ilipokuwa ikiunda iPhone kwa siri, kibodi nusura iwaangushe. Kampuni ilikuwa na kovu: mwaka 1993 ilitoa Newton, kifaa cha kusoma mwandiko wa mkono, kikasoma ovyo hadi wachora katuni wakakifanyia mzaha. Safari hii wahandisi wapatao 15 waliambiwa waweke kando kazi nyingine zote, kila mtu abuni kibodi. Mmoja wao, Ken Kocienda, ameisimulia hadithi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2018.

Piga hesabu uone walivyobanwa. Kioo cha iPhone ya kwanza kilikuwa na upana wa kama milimita 50, na safu ya juu ya kibodi ina herufi kumi. Kila herufi inapata milimita 5. Sasa tazama ncha ya kidole gumba chako.

Kibodi ya Kocienda ndiyo iliyochaguliwa, na mwanzoni ilikuwa na vitufe vikubwa, kila kimoja kikibeba herufi kadhaa, na kamusi ikichagua neno. Baadaye aliombwa arudishe herufi moja kwa kila kitufe, watu wasichanganyikiwe. Alirudisha, lakini ukisiaji akauacha chini kwa chini: ukigusa herufi, programu huzitazama na jirani zake, kisha huuliza ni neno gani la kwenye kamusi linalofanana na mguso huo. Zaidi ya hapo, herufi inayotarajiwa kufuata hupanuliwa eneo lake la kuguswa bila wewe kuona chochote. Na herufi haiandikwi kidole kinapotua, bali kinapoinuka, kwa hiyo ukigusa pabaya waweza kutelezesha kidole hadi panapostahili kabla hujakiinua. Nimeitumia simu ya kioo miaka mingi bila kulijua hilo; tangu nilipolijua, limenipunguzia makosa kuliko kupunguza mwendo.

iPhone iliingia sokoni tarehe 29 Juni 2007, na wengine wakafuata njia hiyo hiyo. Cliff Kushler, mmoja wa waliobuni T9, alikuja na Swype, ya kuburuza kidole kutoka herufi hadi herufi. Huko London ikazaliwa SwiftKey, iliyokisia neno kwa kutazama yaliyotangulia. Microsoft iliinunua mwaka 2016.

Ila kibodi husamehe makosa ya lugha inayoijua tu. Iliyofundishwa Kiingereza pekee huona Kiswahili chote kama Kiingereza kilichokosewa. Na hata ukiipa kamusi yetu, mtihani bado uko kwenye vitenzi. "Hatukumwandikia" ni neno moja lenye kikanushi, mtendaji, wakati, mtendewa, mzizi na kauli ya kutendea. Badilisha nafsi na nyakati, kitenzi kimoja tu kinazaa mamia ya maumbo, na hakuna kamusi ya mezani inayoyaorodhesha. Kinachosaidia ni programu iliyosoma maandishi mengi ya Kiswahili jinsi watu wanavyoyaandika. Kibodi ya Google na SwiftKey sasa zote zina Kiswahili, ila mara nyingi ni lazima ukiongeze mwenyewe kwenye mipangilio ya lugha.

Nilikiongeza usiku ule ule, nimekaa juu ya begi nikisubiri bodaboda. Safari iliyofuata nikaandika tena kwamba nimefika salama, na neno likakaa kama nilivyolikusudia.

Mama akajibu kwa sauti: "Marahaba. Siku hizi hupiti tena Salami?"